Jina la Ijumaa Nyeusi limetoka wapi?

SWALI: Maalim, assalaam alaykum. Mwanangu anayefanya kazi Unguja amenitumia picha ya kioo cha duka moja la mjini kilichobandikwa karatasi yenye maandishi makubwa: Black Friday, punguzo hadi nusu bei. Nilipoionesha picha hiyo barazani baada ya sala ya alasiri, mwenzetu mmoja akasema kuwa hiyo ndiyo siku ambayo Wamarekani walikuwa wakiuza watumwa weusi kwa bei ya chini baada ya sikukuu yao, na kwamba haitufalii sisi, ambao wazee wetu waliuzwa Mkunazini, kuishangilia siku kama hiyo. Mwengine akadai kuwa jina limewekwa kwa makusudi ili kuitia doa Ijumaa yetu. Tangu siku hiyo baraza limegawika. Naomba utufafanulie. (Msomaji, Wete, Pemba)

JIBU: Wa alaykumu salaam, mzee wangu. Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, kwa sababu maneno hayo ya watumwa nimeyasikia hata hapa Unguja, na kila unapofika mwezi wa Novemba huzunguka katika simu za watu yakiwa yameambatanishwa na picha ya kale ya watu waliofungwa minyororo shingoni. Hayana ukweli. Jina hilo halikutokana na biashara ya watumwa, wala aliyelitamka kwanza hakuwa akiifikiria Ijumaa ya Waislamu. Lilitoka midomoni mwa askari wa barabarani wa mji wa Philadelphia, nchini Marekani, nao walilitamka kwa uchovu.

Kwanza tuiweke siku yenyewe mahali pake. Wamarekani wana Sikukuu ya Shukrani, ambayo huangukia Alhamisi ya nne ya Novemba. Jamaa hukusanyika, hula bata mzinga, na kazi nyingi husimama. Ijumaa inayofuata ndiyo inayofungua msimu wa kununua zawadi za Krismasi. Uhusiano wa sikukuu hiyo na maduka ni wa zamani kuliko jina tunalolizungumzia, kwani tangu mwaka 1924 duka la Macy's la New York limekuwa likifanya gwaride siku ya Shukrani, na nyuma kabisa ya gwaride huja mzee wa Krismasi mwenye ndevu nyeupe, ishara kwamba milango ya biashara iko wazi.

Sasa njoo Philadelphia katika miaka ya 1950. Siku moja baada ya Shukrani watu wa vitongojini walikuwa wakimiminika mjini kwa maelfu kununua vitu, na kwa miaka mingi Jumamosi iliyofuata ulichezwa humo humo mchezo mkubwa wa mpira wa Kimarekani baina ya chuo cha jeshi la nchi kavu na chuo cha jeshi la majini, mchezo ambao uliwaleta wageni wengine wengi. Anayetaka kuielewa hali hiyo hana haja ya kusafiri. Na asimame Darajani usiku wa kuamkia Sikukuu, mwezi ukiwa haujatangazwa bado, wakati njia yote imejaa meza za viatu na magauni ya watoto, mama amemshika mwanawe kwa mkono mmoja na mifuko kwa mkono mwengine, daladala haziendi mbele wala hazirudi nyuma, na askari amesimama katikati na filimbi mdomoni, sare yake nyeupe imemganda mgongoni kwa jasho, anainua mkono na hapana anayemtazama. Kisha fikiria kuwa askari huyo ameambiwa kwamba hali itakuwa hivyo siku mbili mfululizo, kwamba ruhusa zote zimefutwa, na kwamba atakaa kazini saa nyingi kuliko kawaida wakati jamaa zake wako nyumbani wanamalizia mabaki ya sikukuu. Askari wa Philadelphia waliiita siku hiyo Ijumaa Nyeusi, na iliyofuata wakaiita Jumamosi Nyeusi, kwa maana ya siku ya nuksi na mashaka.

Wenye maduka hawakulipenda jina hilo hata kidogo, na mtu mwenye duka atawaelewa. Mnamo 1961 walijaribu kulibadilisha liwe Ijumaa Kubwa, wakitumaini kuwa magazeti na watu watalifuata. Hawakulifuata. Jina likabaki katika mji huo na viunga vyake kwa miaka mingi, na ilikuwa katika miaka ya 1980 ndipo lilipoanza kuenea Marekani nzima.

Hapo katikati ndipo ilipozaliwa ile hadithi nyengine ambayo huenda mwanao ataisikia kwa wafanyabiashara. Inasema kwamba wenye maduka walikuwa wakila hasara mwaka mzima, hasara ambayo makarani wa hesabu huiandika kwa wino mwekundu, hata ikafika Ijumaa hiyo wakaanza kupata faida, ambayo huandikwa kwa wino mweusi. Ni maelezo mazuri, na ndiyo maana yameenea. Hata vitabu vya kufundishia biashara huyarudia. Lakini yalianza kuonekana magazetini mnamo 1981, baada ya jina kuwa limekwisha kutumika kwa zaidi ya miaka 20. Waliokuwa wakifaidika na siku hiyo walilikuta jina baya, wakashindwa kulifuta, wakalipa maana njema. Mimi naona hili ndilo jambo kubwa katika habari yote hii: jina lilitolewa na walioumia, na maana ikaja kutiwa baadaye na waliochuma.

Kabla ya Philadelphia maneno hayo mawili yalikwisha kutumika kwa mambo mengine, kwani Waingereza na Wamarekani wana desturi ya kuiita siku ya maafa kuwa nyeusi. Ijumaa ya tarehe 24 Septemba 1869 soko la dhahabu la New York liliporomoka baada ya matajiri wawili, Jay Gould na Jim Fisk, kununua dhahabu kwa wingi ili waidhibiti bei, na Rais Ulysses Grant akaamuru dhahabu ya serikali ya thamani ya dola milioni 4 iuzwe. Bei ikaanguka katika muda wa dakika chache na watu wengi wakafilisika. Hiyo nayo iliitwa Ijumaa Nyeusi, na haina uhusiano wowote na punguzo la bei. Vilevile mwaka 1951 jarida moja la wasimamizi wa viwanda liliitumia kulalamikia wafanyakazi waliokuwa wakijidai wagonjwa siku ya pili ya Shukrani ili waunganishe mapumziko yao, likasema kuwa maradhi hayo kwa athari zake yanazidiwa na tauni peke yake. Kote huko utaona kuwa weusi ni wa msiba au wa usumbufu.

Nirudi kwa mwenzenu aliyezungumzia watumwa, kwa sababu nia yake naiheshimu. Sikukuu ya Shukrani ilianza kuadhimishwa na taifa zima kila mwaka kwa tangazo la Rais Abraham Lincoln la mwaka 1863, katikati ya vita vilivyokuwa vikiendelea kwa sababu ya utumwa wenyewe, na utumwa ukakomeshwa kisheria nchini humo mwishoni mwa 1865. Kabla ya hapo kila jimbo lilikuwa na siku yake, hivyo haikuwapo Ijumaa moja ya nchi nzima ambayo minada ingeweza kupangwa. Na jina lenyewe kwa maana ya ununuzi halipatikani mahali popote kabla ya miaka ya 1950, karibu karne nzima baada ya mnada wa mwisho wa mtu.

Sisi hapa hatuna haja ya kuazima uchungu. Soko la Mkunazini lilikuwapo kweli. Lilifungwa Juni 1873 kwa mkataba uliotiwa saini na Sayyid Barghash, na kanisa lililojengwa mahali pake bado limesimama, na pembeni yake, ndani ya shimo, zimo sanamu za watu waliofungwa kwa mnyororo wa chuma. Utumwa wenyewe uliendelea visiwani baada ya hapo, hadi hadhi yake ya kisheria ilipofutwa mwaka 1897, na watu wengi waliuzwa na kununuliwa bila ya kuandikwa popote. Kijana akiambiwa jambo la uongo kuhusu watumwa, kisha akagundua kuwa ni uongo, nachelea ataanza kulitilia shaka na la kweli. Kwa hivyo naomba barazani hapo Wete hadithi ya punguzo la watumwa isiendelee kusimuliwa, na ya Mkunazini isimuliwe zaidi.

SWALI: Maalim, nina duka la nguo Mlandege. Wateja vijana wananiuliza kila mwaka kama nina Black Friday, na wazee wananikataza jina hilo kwa kuwa Ijumaa ni siku tukufu. Niliite nini? Na kwa nini wenzetu wa huko hushusha bei karibu na sikukuu, ilhali kwetu ikikaribia Idi bei hupanda? (Mfanyabiashara, Unguja)

JIBU: Ndugu yangu, wazee wako wana hoja, ingawa, kama nilivyomjibu mzee wa Wete, hapakuwa na nia ya kuikashifu dini. Siku ambayo kwetu ni bora kuliko zote za wiki, mtu kuisikia ikiitwa nyeusi humchoma. Waarabu walikutana na tatizo hilo hilo. Mwaka 2014 duka la mtandaoni la Souq, lililokuwa Dubai na ambalo baadaye lilinunuliwa na Amazon, lilianzisha punguzo la wakati ule ule wa Novemba likaliita Ijumaa Nyeupe, na jina hilo likashika katika nchi nyingi za Kiarabu. Ukilitumia hutakosea. Lakini ukiniuliza mimi, andika tu Punguzo la Novemba, kwa Kiswahili kinachosomeka kutoka ng'ambo ya njia, maana mteja anachokitafuta kwenye karatasi yako ni bei.

Ila jina si mwisho wa jambo. Katika Sura ya Al-Jumua, aya ya 9, tumeamrishwa kuacha kuuza na kununua inapoadhiniwa sala ya Ijumaa, na aya ya 10 ikatuambia kuwa sala ikisha tutawanyike na tutafute fadhila za Mwenyezi Mungu. Biashara siku ya Ijumaa haikukatazwa. Imewekewa saa yake. Punguzo lako, basi, litangaze kuwa linaanza saa nane mchana, usiwaweke wasaidizi wako kaunta wakati khatibu yuko juu ya mimbari.

Kuhusu bei, tofauti iko katika mali na muda. Duka kubwa la Marekani huagiza bidhaa zake miezi mingi kabla, na zile za Krismasi zisipotoka kabla ya tarehe 25 Desemba hugeuka mzigo ghalani. Maduka ni mengi, na kila mnunuzi ana fungu lake la pesa za zawadi. Atakayemvuta kwanza ndiye atakayelipata fungu hilo kubwa. Kwa sababu hiyo duka hutoa bidhaa chache kwa bei ya hasara, tuseme televisheni 10 au 20, na kuzitangaza kwa herufi kubwa. Hizo ni chambo. Mtu hudamka kwa ajili ya televisheni, akakuta zimekwisha, na kwa kuwa amekwisha kufika hatoki mikono mitupu. Hununua mashuka, birika na viatu kwa faida ya kawaida ya mwenye duka. Chambo hicho kimewahi kuua. Novemba 2008, katika duka moja la Long Island, karibu na jiji la New York, umati uliokuwa ukingoja nje tangu usiku ulivunja milango alfajiri na kumkanyaga mfanyakazi mpaka akafa.

Kwetu mambo yamekaa kinyume. Nguo ya mtoto ya Sikukuu si kitu cha kuahirisha, mzazi hujibana mpaka aipate, na mwezi ukiandama hapana tena kesho ya kutafuta bei nafuu. Mali yenyewe imekuja kwa kontena kutoka Dubai au China, au kwa boti kutoka Kariakoo ya Dar es Salaam, na haizidi kwa kuwa watu wameongezeka. Muuzaji ana soko lililo tayari, hana sababu ya kumtongoza mtu. Wewe mwenyewe unajua kuwa wiki mbili baada ya Idi gauni lile lile hushuka bei na hakuna anayeligusa. Ikiwa unataka kupunguza bei kwa faida yako na ya wateja wako, nakushauri upunguze mapema, Rajabu na Shaabani, kabla watu hawajabanwa. Utauza taratibu, lakini mali yako itatoka, na mzazi mwenye watoto watano atakukumbuka.

SWALI: Shikamoo Maalim. Mwalimu wetu alisema Ijumaa Nyeusi ni Ijumaa ya nne ya Novemba. Ni kweli? Na Jumatatu ya mtandaoni ni nini? (Mwanafunzi, Tunguu)

JIBU: Marahaba mwanangu. Mara nyingi huwa ya nne, lakini si kila mara. Kinachohesabiwa ni Alhamisi ya nne, na Ijumaa huifuata, hivyo siku hiyo huwa baina ya tarehe 23 na 29. Mwezi ukianza kwa Ijumaa, kama ulivyoanza mwaka 2024, inakuwa ya tano: mwaka huo ilikuwa tarehe 29.

Hiyo hesabu ya Alhamisi nayo ina mkono wa wafanyabiashara. Zamani Shukrani ilikuwa Alhamisi ya mwisho ya Novemba. Mwaka 1939 Novemba ilikuwa na Alhamisi tano, na ya mwisho ikaangukia tarehe 30, jambo lililofupisha msimu wa Krismasi; wenye maduka wakamlalamikia Rais Franklin Roosevelt, naye akairudisha sikukuu nyuma wiki moja. Majimbo mengi yalikataa, na kwa muda nchi moja ikawa na sikukuu mbili. (Sisi ambao tumewahi kuona nyumba mbili za jirani zikisali Idi siku tofauti tunaweza kuwahurumia.) Bunge lao likamaliza mzozo Desemba 1941 kwa kuiweka Alhamisi ya nne. Ama Jumatatu ya mtandaoni, hilo ni jina lililotungwa mwaka 2005 na jumuiya ya wauzaji rejareja wa Marekani kwa ajili ya maduka ya intaneti, na ni Jumatatu inayofuata Ijumaa hiyo.

SWALI: Maalim, nilinunua pasi ya umeme siku ya hilo punguzo. Karatasi ilisema ilikuwa shilingi 60,000 na sasa ni 45,000. Wiki moja baadaye jirani yangu akanionesha risiti yake ya Oktoba, duka lile lile, pasi ile ile, kwa 45,000. Je, hii si dhuluma? (Mama wa watoto wanne, Chake Chake)

JIBU: Ni dhuluma, mama, na pole sana. Wala hukuwa mjinga, kwa sababu mbinu hiyo imewashika watu wa mataifa makubwa. Brazil, ambako punguzo hili liliingia mwaka 2010, wanunuzi wenyewe wamelipa jina lao: Ijumaa ya Ulaghai, na husema kuwa kila kitu huuzwa kwa nusu ya bei iliyoongezwa maradufu. Utaona kuwa huko pia walioumia ndio waliolitoa jina. Umoja wa Ulaya umelitungia jambo hilo sheria, iliyoanza kutumika Mei 2022, kwamba muuzaji anayetangaza punguzo lazima aoneshe bei ya chini kabisa aliyoiuzia bidhaa hiyo katika siku 30 zilizotangulia. Sheria hiyo fupi ingekuokoa wewe.

Nami yamenifika. Mwaka juzi nilimchukulia mjukuu wangu viatu vya skuli katika duka moja la Mchangani. Kibandiko kilikuwa na 30,000 iliyopigwa mstari mwekundu na chini yake 22,000. Nilipofika nyumbani mtoto, kama watoto walivyo, akaanza kukibandua kwa ukucha. Chini yake kulikuwa na kibandiko cha zamani, kimefifia, kimeandikwa 22,000. Nilikaa nacho mkononi kwa muda, nikaikumbuka ile hadithi ya Mtume, rehema na amani zimshukie, alipopita sokoni akatia mkono wake ndani ya rundo la nafaka, vidole vikagusa majimaji chini ya nafaka kavu. Alimuuliza mwenye mali kwa nini asiiweke iliyorowa juu watu wakaiona, kisha akasema kuwa anayetughushi hayupo pamoja nasi. Bei iliyopandishwa ili ishushwe ni nafaka mbichi iliyofunikwa kwa kavu.

La kufanya ni hili. Kitu kikubwa unachokihitaji, kiulizie bei mapema, mwezi mmoja kabla, na uipige picha kwa simu karatasi ya bei pamoja na jina la duka. Siku ya punguzo usiitazame tarakimu iliyopigwa mstari; tazama unayolipa, uilinganishe na picha yako na maduka mengine mawili. Ulizia dhamana na haki ya kurudisha kabla ya kutoa pesa, maana kitu cha punguzo mara nyingi huambiwa hakirudishwi. Na kwa pasi hiyo uliyokwisha kuinunua, muombe jirani yako ile risiti ya Oktoba, iweke pamoja na yako, kwanza umwendee mwenye duka kwa upole na umwoneshe zote mbili. Akikataa kusikiliza, zipeleke kwa Tume ya Ushindani Halali wa Biashara, ambayo kazi yake ni kumlinda mnunuzi wa Zanzibar. Usiwape karatasi za asili, watolee nakala.